Ubao wa taa wa LED kwenye Coaster ya Newala, nimeutumia miezi nane

Nna Coaster inayopiga Mtwara–Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba, nikaifungia ubao wa taa unaoandika gari linakoenda. Sababu ni moja tu, saa kumi na moja alfajiri pale stendi bado giza, Coaster zote zinafanana, mama ana mtoto mgongoni na kiroba mkononi anavutwa na wapiga debe mpaka anajikuta yuko kwenye gari la Masasi, hilo lilikua linaniuma sana.

Wa kwanza nilichukua Kariakoo, muuzaji akaniapia unaingia gari lolote. Coaster yangu ni ya dizeli, umeme wake volti 24, ubao ulikua wa 12, siku ya pili tu ukatoa moshi na hela sikurudishiwa. Kwahiyo ndugu yangu kabla hujalipa geuza nyuma usome kibandiko, kama hakijaandikwa 12–24 basi fundi akufungie konvata kwanza, kile kifaa cha kushusha umeme toka 24 kuja 12.

Halafu ulikua mwekundu. Nyekundu mbele ya gari usiweke kabisa! Ni taa ya nyuma hiyo, anaekuja usiku anadhani anafuata mkia wa gari kumbe mnakutana uso kwa uso, na hata Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri barabarani unakataza gari kuonyesha taa nyekundu mbele. Trafiki alitusimamisha kwa hiyo na alikua sahihi kabisa.

Wa pili ndio ninao mpaka leo, rangi ya chungwa, maandishi yametulia. Ule wa kwanza yalikua yanakimbia, sasa mzee amesimama njiani gari linakuja spidi, anaona "...WALA KUPITIA NA..." gari limeshampita. Huu unaandika Newala, basi. Nilisoma kanuni za Uingereza za mwaka 2000 za mabasi ya abiria, wenzetu wanataka jina la mwisho wa safari liwe na kimo cha milimita 125 kwa mbele, namba ya ruti iwe na milimita 200, na hawataki herufi kubwa tupu, maana jina lenye herufi kubwa moja mwanzoni jicho linalikamata kwa umbo lake hata kwa mbali. Nikajaribu, ni kweli, wazee wananiambia wanalisoma kabla gari halijafika.

Kitu cha kuwa nacho makini ni kubadilisha maandishi, unafanya kwa simu sekunde chache tu. Konda wangu jumamosi moja aliona abiria wa Masasi wengi akaandika Masasi, wakati leseni yetu ya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, ni ya ruti ya Newala! Nimeweka neno la siri, ninalo mimi na dereva tu. Na usiuweke katikati ya kioo ukamziba dereva, wangu uko juu kabisa, ila kama kioo kina tinti kwa juu fundi aitoe kwanza, inameza mwanga.

Kasoro ninayoiona ni jua la alasiri, tukiwa tunaelekea Newala linapiga usoni mwa gari na maandishi yanafifia. Na mtikisiko wa kule mbele ya Mnivata ulilegeza soketi mara mbili, fundi kaifunga na tepu mpaka sasa iko poa. Nyota 4 kati ya 5. Mwezi ujao nafunga mwingine mdogo ubavuni karibu na mlango, abiria wengi wanalifikia gari kutokea upande huo.