Magari ya Kuunda kwa Matofali ya Plastiki: Nunua Lipi Kwanza, Lipi Baadaye

Mzazi au mwalimu anayemtafutia mtoto gari la kuunda huangalia mambo matatu: picha ya boksi, idadi ya vipande na bei. Mimi naanza na swali jingine. Ndani ya gari hili kuna nini kinachozunguka, na mtoto ataweza kukiona kikifanya kazi? Gari ambalo gia zake zote zimezibwa na bodi litaishia kuwa pambo la kabati. Lenye vipande vichache, ambalo unaweza kufuata stelingi kwa kidole kutoka usukani hadi gurudumu, linamfundisha mtu ufundi. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho kwa ajili ya wanunuzi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret, na ndiyo maana vitu ghali vimeshuka chini.

Nafasi ya kwanza: trekta na mashine ndogo za Technic

Kampuni ya LEGO ya Denmark ilianza kutoa seti zenye gia na ekseli mwaka 1977, na baadaye zikaitwa Technic. Badala ya tofali la kawaida unapata fito zenye matundu, pini za kuziunganisha, ekseli zenye umbo la msalaba, na gia. Hizi ndizo malighafi za gari lolote utakalobuni baadaye.

Katika kundi hili ningechagua trekta ya John Deere 9620R, seti namba 42136, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na vipande 390. Sababu yangu ni stelingi yake. Trekta zinazovuta miwa huku Muhoroni na Chemelil hugeuza magurudumu ya mbele. Hii hukata kona kwa kukunjika kiunoni, kama mashine kubwa za kuzoa kokoto kwenye ujenzi wa barabara. Mtoto aliyeziona zote mbili atauliza kwa nini zinatofautiana, na jibu analo mkononi: magurudumu ya mbele yakiwa makubwa kama ya nyuma hayapati nafasi ya kugeuka, kwa hiyo mwili wenyewe ndio unaokunjwa.

Kama pesa ni kidogo, chukua tipa namba 42147 ya mwaka 2023, vipande 177. Inabomolewa na vipande vilevile vinaunda ekskaveta. Seti inayotoa mashine mbili naithamini kuliko inayotoa moja kubwa, kwa sababu siku ya kubomoa ndiyo siku ya kuanza kubuni.

Jinsi ya kuipima mashine yoyote

Hapa nitakaa kidogo, maana bila kipimo utaamini kila boksi.

Gia za kawaida za Technic zina meno 8, 16, 24 na 40. Ya meno 8 ikiizungusha ya 24, ndogo huenda mizunguko mitatu kwa mmoja wa kubwa. Kasi inashuka, nguvu ya kuzungusha inapanda karibu mara tatu, ukitoa ile inayoliwa na msuguano. Halafu kuna gia yenye umbo la skrubu. Ikiunganishwa na ya meno 24, skrubu huzunguka mara 24 ili gia izunguke mara moja tu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba gia haiwezi kuirudisha skrubu nyuma. Mkono wa kreni ulioinuliwa kwa njia hii unabaki juu hata ukiachia kifundo. Ukiona kreni au tipa inayoshuka yenyewe baada ya kuachiwa, fungua uangalie: mbunifu alitumia gia za kawaida mahali palipohitaji skrubu.

Matundu ya fito yamepangwa kwa umbali wa milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa hiyo huwezi kuweka gia mbili zozote popote. Kanuni ni rahisi: jumlisha meno ya gia zote mbili, gawanya kwa 16, upate umbali kwa hesabu ya matundu. Nane na 24 ni 32, umbali matundu mawili. Nane na 40 ni 48, umbali matundu matatu. Kumi na sita na 24 ni 40, yaani matundu mawili na nusu, na hapo kwenye ufito mmoja ulionyooka gia hizo hazitakaa. Kijana akiijua kanuni hii hachezi bahati nasibu tena, na naona ajabu kwamba vitabu vingi vya maelekezo havimwambii.

Sasa shika gari lenyewe. Lisukume polepole juu ya meza. Kama pistoni zinapanda na kushuka kwa mwendo sawa, msururu wa gia uko vizuri. Kama magurudumu yanateleza badala ya kuzunguka, kuna msuguano mwingi mno. Hesabu gia zilizo kati ya gurudumu na injini, kisha jiulize ni ngapi ziko pale kuelekeza tu mzunguko na hazibadilishi chochote. Kila moja inakula nguvu. Angalia na pini: nyeusi fupi zina ukwaruzo wa kukaza, za kijivu fupi zinazunguka kwa uhuru. Pini nyeusi mahali pa bawaba ya stelingi inafanya usukani kuwa mzito bila sababu.

Shika usukani uutikise bila magurudumu kusogea. Hiyo nafasi ya bure ndiyo mafundi wa gereji huita plei, na katika magari haya huongezeka kwa kila kiungo kilichoongezwa. Mwisho, shika chasisi pande mbili uisokote kidogo. Ikijikunja, ekseli za ndani zitapinda na gia zitaruka meno gari likibeba mzigo. Dawa yake ni kufunga fito kwa pembetatu. Ekseli ndefu nazo hujisokota zikipitisha nguvu nyingi, kwa hiyo mbunifu mzuri huweka upunguzaji wa mwisho wa kasi karibu kabisa na gurudumu.

Nafasi ya pili: vipande vya mitumba

Ukipata mfuko wa vipande vilivyochanganywa, soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili au kwa mama anayeuza midoli ya mitumba popote, usiupite. Wauzaji wengi hupanga bei kwa wingi au kwa rangi, na gia ya kijivu haina mvuto kwa macho. Nimeiweka ya pili kwa sababu inataka jicho: mtoto anayeanza hawezi kujua kinachokosekana.

Nenda na pini moja halisi mfukoni. Iingize kwenye tundu la ufito: iingie kwa kubonyeza, ibane, itoke kwa vidole bila koleo. Tofali halisi lina neno LEGO juu ya kila kichuguu, yaani kila kinundu cha kushikanishia. Kagua meno ya gia dhidi ya mwanga, pinda matairi uone kama mpira umeanza kupasuka, na mirija ya hewa ya seti za nyumatiki, zile zinazosukumwa kwa hewa, iwe laini. Nyumbani osha kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni. Mota na boksi za betri zisiguswe na maji. Usianike juani kwa jua la Kisumu, wala usiache kwenye gari lililofungwa. Plastiki ikipinda gia hazishikani tena.

Kukosa kitabu si hasara. LEGO huweka maelekezo ya seti zake kwenye tovuti yake bila malipo, unaingiza namba ya seti tu. Kuna na programu ya kompyuta iitwayo Studio, ya bure pia, ambayo kijana anaweza kubunia gari lake kabla hajatafuta vipande.

Nafasi ya tatu: CaDA na wenzake

Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya tofali la LEGO la mwaka 1958 iliisha muda zamani, na Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Ndiyo maana kampuni nyingine zinatengeneza vipande vinavyoshikana na vya LEGO kihalali. Kati ya za China, CaDA ndiyo ninayoipendekeza: mara nyingi inakupa vipande vingi zaidi kwa pesa ileile. Udhaifu wa kundi hili kwa jumla ni kwamba ubanaji wa pini hutofautiana, na hilo huonekana kwenye giaboksi, mahali ambapo kosa dogo hurudiwa mara kumi.

Kuna mpaka nisiouvuka. Boksi lililonakili seti, picha na namba ya mtu mwingine ni wizi. Genge la Lepin, lililonakili seti za LEGO, lilivamiwa na polisi wa China mwaka 2019 na watu tisa wakahukumiwa Shanghai mwaka uliofuata. Ukikutana na boksi lisilo na jina la mtengenezaji, liache.

Nafasi ya nne: tofali za kawaida

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano zinafaa kabisa. Kwa mwenye kiu ya mashine hazitoshi: gurudumu linazunguka, basi. Seti za LEGO ziitwazo Creator zenye magari matatu ndani ya boksi moja ndizo za kuchagua hapa.

Mota nayo? Isubiri. Boksi la betri la Technic hutumia betri sita za AA, na gharama hiyo inarudi kila mara. Gari lisilosukumika vizuri kwa mkono mota itavunja meno yake tu.

Nafasi ya mwisho: magari makubwa ya kifahari

Bugatti Chiron ya mwaka 2018 ina vipande 3,599. Land Rover Defender ya 2019 ina 2,573, na kwa wakazi wa huku wanaoyaona Defender barabarani kila wiki inavutia mno. Ufundi uliomo ni wa kweli: Defender ina difu tatu (gia zinazoruhusu magurudumu ya pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti), na giaboksi yake ina gia nne zenye daraja la juu na la chini. Lakini msururu wa gia ni mrefu hivi kwamba ni mzito kuusukuma, na ukishafunga bodi huoni kitu. Porsche 911 GT3 RS ya mwaka 2016 ni mfano mkali zaidi. Wajenzi waligundua kwamba ukifuata kitabu neno kwa neno, gia hupanda kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4. Anayelitazama kwa nje hawezi kulijua hilo kamwe. Ukiongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, bei ya gari moja la aina hii itakununulia trekta, tipa na mfuko wa mitumba.

Kama umeshaletewa moja na ndugu wa ng'ambo, jenga chasisi, giaboksi na magurudumu, kisha simama kabla ya bodi. Sukuma, badilisha gia, hesabu mizunguko ya injini kwa kila gia na uiandike. Mpangilio ukiwa hausomeki kutoka kubwa kwenda ndogo, bado una nafasi ya kufungua na kurekebisha.