Uzoefu wangu na Moodle chuoni: programu ya bure, mikataba miwili

Nasimamia mfumo wa kujifunzia mtandaoni wa chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Chuo sikitaji, na kampuni mbili tulizofanya nazo kazi sizitaji pia. Ninachotaka kupima ni namna kazi inavyogawanyika kati ya anayetengeneza programu, anayekuja kuifunga na kuitunza, na chuo kinachoitumia kila siku. Programu yenyewe naitaja bila wasiwasi: ni Moodle. Kama unafikiria kuichukua, au unayo na mezani kuna mkataba wa matengenezo unaosubiri sahihi, soma kwanza.

Nianze na fedha, maana ndiko maswali mengi yanakotoka. Moodle ni programu huria yenye leseni ya GPL. Hakuna anayekudai ada kwa kila kichwa cha mwanafunzi, na unaweza kuipakua leo jioni ukaifunga kwenye seva yako bila kuomba ruhusa ya mtu. Makao makuu yako Perth, Australia, lakini hutamwona mtu wa Perth kwenye chumba chako cha seva. Kazi ya kufunga, kuhifadhi na kutoa msaada hufanywa na kampuni zilizoidhinishwa kuwa washirika, nazo hupeleka sehemu ya mapato yao makao makuu kwa kupewa haki ya kutumia jina na nembo. Fedha hiyo husaidia kuwalipa wanaoijenga programu. Ukimlipa mshirika, shilingi zako chache zinafika hata kwenye toleo lijalo. Ukimlipa fundi asiye mshirika, zinaishia kwake. Chuo chetu kimepita njia zote mbili.

Kampuni ya kwanza ilishinda zabuni kwa bei. Haikuwa mshirika wa Moodle. Walikuwa vijana wanaoijua vizuri PHP, lugha iliyotumika kuiandika Moodle, na kwa haki yao niseme hawakuwa wavivu. Mfumo ulipanda hewani haraka, una rangi za chuo na picha ya jengo la utawala, na siku ya uzinduzi wakubwa waliondoka wameridhika. Kasoro ilikuwa pale ambapo mgeni rasmi haoni.

Tuliwaomba mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi akishasajili kozi zake kwenye mfumo wa usajili, azikute Moodle bila mtu kumwingiza kwa mkono. La pili, asiyemaliza ada asiweze kufungua mtihani. Yote mawili waliyatimiza kwa kuingia ndani ya mafaili ya msingi ya Moodle na kuandika humo humo. Na yalifanya kazi. Ila Moodle hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, karibu na Aprili na Oktoba, na katikati hutoa marekebisho ya usalama. Ukishachanja mafaili ya msingi, una mawili: uboreshe na kupoteza kila ulichochanja, au usiboreshe kabisa. Kampuni ikachagua la pili kimya kimya. Tukawa na toleo ambalo muda wake wa marekebisho ya usalama ulishapita, na ndani yake zimo alama za chuo kizima. Nilipouliza niliambiwa, "Mkuu, ukiboresha tu, usajili unakatika." Na kweli ungekatika, maana wao ndio walioufunga hivyo.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba jambo la kwanza halikuhitaji hata mstari mmoja wa msimbo mpya. Moodle inakuja na plagini (kipande cha nyongeza) ya uandikishaji inayosoma hifadhidata ya nje. Unaielekeza kwenye jedwali lenye safu tatu tu, yaani namba ya mwanafunzi, msimbo wa kozi na wadhifa wake, halafu inaandikisha yenyewe. Jambo la ada nalo linamalizikia huko huko. Mwanafunzi hulipa kwa kontroo namba, malipo yanapita GePG, mfumo wa serikali wa malipo, na kurudi kwenye mfumo wa chuo wa fedha na usajili. Moodle haina haja ya kujua habari za benki hata kidogo. Tunachofanya sasa ni kumwagiza mtu wa hifadhidata atengeneze orodha mbili upande wa usajili: ya waliosajili kozi, na ya walioruhusiwa kufanya mtihani. Moodle inasoma tu. (Mimi binafsi siungi mkono kumfungia mwanafunzi notisi kwa sababu ya ada. Mtihani, sawa, wajadili. Notisi hapana. Lakini hilo ni la Seneti, si la kitengo cha TEHAMA.)

Onyo moja kwa atakayejaribu: ndani ya mipangilio ya plagini hiyo unachagua nini kifanyike jina la mwanafunzi linapotoweka kwenye orodha. Usichague kumwondoa kwenye kozi, chagua kumsimamisha. Akiondolewa, alama zake zinatoweka kwenye daftari la alama, na wiki ya Bodi ya Mitihani hutaki simu ya mkuu wa idara anayetafuta koziweki (alama za kazi za muhula) za darasa zima.

Mkataba wa pili tulimpa mshirika aliyeidhinishwa. Tofauti niliiona kwenye swali lao la kwanza. Hawakuuliza tunataka rangi gani. Waliomba nakala ya mfumo wetu wakailinganisha faili kwa faili na Moodle halisi ya toleo lile lile, wakatuletea orodha ya kila mahali palipochanjwa. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa hayana kazi tena, mengine wakayahamishia kwenye plagini zilizojitenga, ambazo toleo jipya likija haziguswi. Wakatuwekea seva ya majaribio, na msimbo wote wakauweka kwenye hazina ya Git (inayotunza historia ya msimbo) ambayo mwenye funguo ni chuo. Baada ya hapo kuboresha toleo imekuwa kazi ya kawaida ya likizo. Tuliamua kufuata matoleo ya muda mrefu kama 4.1 na 4.5, yanayopata marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu, maana wahadhiri wetu hawapendi kuona vitufe vimehama kila muhula, na sioni kwa nini tuwalazimishe.

Sasa lawama zao, maana zipo. Bei iko kwa dola, na bajeti ya chuo iko kwa shilingi. Msaada wao unaendeshwa kwa tiketi, na kila tiketi ina daraja la uzito. Ukiandika "kawaida" utasubiri, kwa hiyo watu wangu walijifunza kuandika "dharura" kwa kila kitu, na sasa neno hilo halimshtui mtu upande wa pili. Jibu la kwanza karibu kila mara ni la kunakili: futa kumbukumbu ya kivinjari, jaribu tena. Pia wana mazoea ya kusema "hilo liko nje ya mkataba" kabla hawajasoma ombi hadi mwisho. Saa zao za kazi hazilingani na zetu, na mitihani yetu ya saa mbili asubuhi huwakuta wengine bado wamelala.

Siku za mtihani ndipo mfumo unapopimwa. Darasa la kozi ya mwaka wa kwanza ya mawasiliano linaingia lote kwa dakika ile ile, na seva iliyokuwa inapiga miayo inaanza kuhema. Mshirika alitusaidia sana hapa: vikao vya watumiaji, yaani kumbukumbu ya nani yumo ndani, vikahamishiwa kwenye Redis (hifadhi ya haraka kwenye kumbukumbu ya mashine) badala ya kuandikwa diski, kroni, ile inayoendesha kazi za nyuma ya pazia, ikawekwa iende kila dakika kama Moodle inavyotaka, hifadhidata ikapewa mashine yake. Lakini dawa iliyotusaidia kuliko zote haikutoka kwao. Ilitoka kwa mwalimu mmoja wa takwimu, aliyependekeza darasa ligawanywe makundi na kila kundi lipewe muda wake wa kuanza. Umeme ukikatika katikati, jaribio la Moodle, yaani mtihani wa mtandaoni, huwa linahifadhi majibu lenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja, hivyo mwanafunzi akirudi hukuta karibu kila alichojaza.

Hapo kwenye jaribio kuna jambo ambalo wahadhiri wengi hawalijui, na ndilo lililobadilisha namna ninavyoitazama biashara hii. Injini ya maswali inayoendesha majaribio ya Moodle haikuandikwa upya na Perth peke yake. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliamua kutumia Moodle mwaka 2005, kikaajiri watengenezaji wake, na mmoja wao, Tim Hunt, ndiye aliyeiandika upya injini ile, ikaingia kwenye Moodle 2.1 mwaka 2011. Mteja ndiye aliyetengeneza. Vivyo hivyo BigBlueButton, ile ya madarasa ya mtandaoni iliyoingizwa ndani ya Moodle 4.0 mwaka 2022, ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton kule Ottawa. Kivinjari cha kufungia mitihani, Safe Exam Browser, kimetoka ETH Zurich. Hata Martin Dougiamas aliyeianzisha Moodle alikuwa mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Curtin, Perth, akisimamia WebCT, mfumo mwingine wa kujifunzia, na hakupenda alichokuwa anakisimamia. Toleo la 1.0 likatoka Agosti 2002. WebCT nayo ilizaliwa chuoni, British Columbia, kabla ya kununuliwa na kampuni ya Blackboard mwaka 2006.

Kwa hiyo chuo kinachokaa kama mteja wa duka, kulipa na kungoja, kinapata sehemu ndogo tu ya kilichopo. Orodha ya hitilafu na maombi ya Moodle iko wazi. Yeyote anafungua akaunti, anaandika jambo lake, analipigia kura. Tangu 2015 kuna pia chama cha watumiaji ambacho wanachama wake huchanga fedha na kuchagua kwa kura kipi kijengwe. Kijana mmoja wa kitengo chetu alipeleka pendekezo dogo kuhusu upangaji wa orodha ndefu za wanafunzi, na aliyemjibu alikuwa mtu wa chuo kingine, bara jingine, mwenye shida hiyo hiyo na suluhisho la muda mkononi. Mshirika wetu alikuja kulisoma jibu hilo baadaye kama sisi. Tangu hapo nampa kijana yule saa za kazi za kufuatilia huko, na hoja yangu kwa uongozi ni kwamba zimetupunguzia tiketi.

Mshirika naye si wa kudumu. Mwaka 2012 Blackboard, mshindani mkubwa wa Moodle, ilinunua kampuni mbili zilizokuwa washirika, Moodlerooms ya Marekani na NetSpot ya Australia. Mwaka 2018 uhusiano wa ushirika kati ya Blackboard na Moodle ukavunjika. Vyuo vilivyokuwa vimesaini na kampuni ndogo inayoipenda Moodle vikajikuta vinahudumiwa na mwenye bidhaa nyingine ya kuuza. Kwa hiyo mkataba wako useme mapema: akaunti ya msimamizi mkuu ni ya chuo, jina la mtandaoni ni la chuo, nakala rudufu ya hifadhidata na mafaili inafika kwenye seva ya chuo kila usiku bila kuombwa, na mshirika akiondoka anakabidhi plagini zote pamoja na msimbo wake. Ongeza suala la data iko nchi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na mwanasheria wa chuo atakuuliza hata kama kampuni haijakueleza.

Programu ya simu naipa maneno machache kwa sababu haihitaji mengi. Wanafunzi hupakua notisi kwenye waifai ya maktaba na kuzisoma hosteli bila bando, na hilo peke yake linatosha. Muulize tu mshirika kama bei yake imejumuisha mpango wa kulipia wa programu hiyo, kwani ule wa bure una kikomo cha simu zinazoweza kupokea arifa, na chuo kikubwa kinakifikia mapema sana.

Nyota: Moodle nne kati ya tano, moja nimeizuia kwa sababu ya daftari la alama, ambalo kila mwanzo wa muhula linanilazimu kuendesha mafunzo yale yale kwa wahadhiri wale wale. Mshirika wa pili, tatu na nusu. Kampuni ya kwanza, moja na nusu, na ile nusu ni ya kasi.

Simshauri kila mtu afuate njia hii. Chuo chenye wanafunzi mia chache na fundi mmoja wa TEHAMA anayetengeneza pia printa hakina haja ya seva yake. Kichukue MoodleCloud, huduma ya Moodle inayotunzwa na Moodle wenyewe, au kikodi nafasi kwa mshirika, kikubali kwamba hakitachagua kila plagini, na fedha iliyobaki iende kwa mtu wa kuwafundisha wahadhiri kutunga maswali. Chuo kikubwa, kabla ya kutangaza zabuni NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi), kiwe na walau watu wawili wa kudumu wanaoweza kusoma msimbo wa mshirika na kumwambia hapana.