Kozi ya usanifu wa mandhari kwa kujitolea: uzoefu wangu

Kozi ni ya miezi minne. Siku moja ya wiki darasani, Jumamosi mnakwenda kujitolea kwenye eneo la jamii. Kundi letu lilipangiwa uwanja wa shule uliokuwa ukigeuka dimbwi kila mvua ikinyesha. Nilifika na penseli za rangi, nikakabidhiwa sururu.

Hatukupanda hata mche mmoja kabla ya kupima. Tulichimba mashimo ya sentimita 30, tukayajaza maji, yakazama, tukayajaza tena, ndipo tukaanza kuangalia yanashuka kiasi gani kwa saa. Karibu na lango yalizama upesi. Nyuma ya madarasa yalikaa tu, udongo ni mfinyanzi mtupu. Halafu hesabu ya paa: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 linakumwagia karibu lita 2,000. Tukaelewa dimbwi linatoka wapi.

Nilichokipenda kuliko vyote ni fremu ya A, kifaa cha kutafuta sehemu za ardhi zilizo usawa mmoja: fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, kamba na jiwe linaloning'inia. Unaitembeza hatua kwa hatua, jiwe likitulia katikati unapiga kigingi. Mstari wetu wa vigingi ulipinda mahali ambapo mimi ningeapa pamenyooka. Kwenye mstari huo ndipo tulipochimba kingamaji, yaani mtaro wa kuzuia maji yasikimbie, na mvua iliyofuata maji yalitulia ndani yake badala ya kukimbilia madarasani.

Kosa letu kubwa lilikuwa njia. Tuliichora kwa madaha, yenye kona ya kupendeza, pembeni maua. Baada ya wiki moja watoto walikuwa wamekata moja kwa moja juu ya miche. Mlinzi wa shule akacheka: "Wanangu, si mngeniuliza? Hapo wanapita miaka yote." Niliona aibu kweli, maana tulikuwa tukimsalimia kila Jumamosi. Tulihamisha miche, tukaukubali mkato wao kuwa njia.

Sasa lawama. Kuchora ramani kulifundishwa mwishoni, kazi ikiwa nusu imeshafanyika. Vifaa vilikuwa vichache, wengine wanasimama wakisubiri jembe. Kibaya zaidi, tulipewa vyeti na mradi ukaachwa bila mtu wa kuutunza. Niliporudi kuchungulia, nilikuta matandazo ya kufunika udongo yamerundikwa hadi kwenye mashina, gome limelowa na limeanza kuoza. Niliyasogeza kwa mikono mti baada ya mti, nikaacha nafasi ya kiganja.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Ukitaka kujiunga, waulize waandaaji kabla hujasaini: mkishaondoka, nani atapalilia? Mimi sikuuliza, ndiyo maana bado naenda pale Jumamosi.