Kompyuta ilikuwa inazima kila nikirenda: uzoefu wangu na fundi wa Kariakoo

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba kabla hazijajengwa. Mteja analeta ramani, naisimamisha ndani ya Blender, programu ya kuchora kwa 3D, anaiona sebule yake na jua la jioni likiingia dirishani. Kurenda, yaani kuiacha kompyuta ipige hesabu hadi itoe picha kamili, kunakula kama dakika 40 kwa picha moja nzuri. Kwa wiki 7 kompyuta yangu ya mezani haikunifikisha huko. Mara inazima dakika ya 10, mara ya 35. Hakuna skrini ya bluu, hakuna kuganda. Inazima kama mtu kang'oa plagi, halafu inajiwasha yenyewe. Nikiandika barua pepe au nikitazama video kutwa nzima, haina neno. Nilimkosa mteja mmoja kwa sababu hiyo, na iliniuma sana.

Nyumbani nilijaribu niliyoyaweza. Nilitoa vumbi, na kwa Tabata vumbi si la kubeza. Nilifuta draiva ya kadi ya grafiki na kuweka mpya. Nilipima ramu kwa MemTest86 usiku kucha, haikukuta kosa hata moja. Joto la kadi lilifika nyuzi 74, na kadi hiyo, RTX 3060, inavumilia hadi 93. Ndani ya Windows kila kuzima kuliandikwa Kernel-Power 41, ambayo maana yake ni kwamba mashine imezimika bila kufungwa kwa utaratibu. Sababu haisemi.

Duka la kwanza, maeneo ya Posta, waliiwasha dakika 5, wakaitazama, wakaniambia kadi imekufa. Ninunue nyingine, milioni moja na laki moja. Hawakupima chochote. Nilirudi nyumbani na mashine yangu kwenye bajaji nikiwa karibu kulia.

Jirani yangu anayepiga picha za harusi ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Kariakoo. Kibanda chake kiko ghorofa ya kwanza, meza moja na feni moja. Bei ya kupima ni 30,000, na ukitengeneza kwake inakatwa kwenye bili. Kabla hajashika bisibisi aliuliza maswali: Inazima ukiwa unafanya nini? Inajiwasha yenyewe au unaiwasha? Kwenye kurenda unatumia prosesa, kadi, au vyote? Nikamwambia vyote pamoja, ili kazi iishe haraka. Akaandika kwenye daftari.

Kisha akaweka programu ya OCCT, ambayo kazi yake ni kuibebesha mashine mzigo kwa makusudi. Prosesa peke yake, dakika 15: salama. Kadi peke yake, dakika 15: salama. Nikaanza kuogopa kwamba itagoma kuonyesha ugonjwa mbele ya daktari. Akachukua mita, ncha moja kwenye waya wa njano wa pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), nyingine kwenye mweusi, akaniambia, "Dada, usitazame skrini. Tazama namba hii." Ilikuwa 12.1. Akawasha mzigo wa vyote viwili. 11.8. 11.6. Ikakaa hapo kama dakika 4. 11.4. 11.2, na feni zikanyamaza, skrini ikawa nyeusi. Sekunde chache baadaye zikaanza kuzunguka tena.

Waya wa njano hubeba volti 12, na kwa viwango vya pawasaplai za ATX, zile za kawaida za kompyuta za mezani, haitakiwi kushuka chini ya 11.4. "Kadi yako nzima," akasema. "Chakula ndicho hakiifikii." Na kwa kuwa ilizima pale pale dukani kwake, hata ile hofu yangu kwamba umeme wa nyumbani ndio mbaya iliondoka.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukisoma kwa miaka miwili. Pawasaplai yangu imeandikwa 600 kwa herufi kubwa, na NVIDIA wanashauri wati 550 kwa kadi hii, kwa hiyo nilijiona niko salama. Lakini kwenye jedwali dogo ubavuni, mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 28. Zidisha: wati 336. Kadi inavuta 170, prosesa yangu ya Ryzen 7 5800X inaweza kufika 142. Jumla 312, bado feni, bado diski. Ilikuwa inafanya kazi ukingoni tangu siku ya kwanza. Alipoifungua, kapasita mbili, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zilikuwa zimevimba vichwa, moja imetoa ute wa kahawia. Alisisitiza nisije kujaribu kuifungua mwenyewe, maana kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Nilinunua kwake ya wati 650 yenye alama ya 80 Plus Bronze, ya kutopoteza umeme mwingi, na safari hii nilisoma jedwali kwanza: ampea 54. Nililipa 240,000 pamoja na kuifunga. Hakuniachia niondoke hadi mzigo ule ule uende saa nzima. Mita haikushuka chini ya 11.9.

Ya kulalamikia yapo. Nilisubiri saa 5 kwa sababu hachukui miadi, na benchi la kukalia ni la watu wawili. Risiti niliiomba mara mbili ndipo akaiandika pamoja na garantii ya miezi 6. Waya pia alizipanga ovyo, nikazifunga upya nyumbani.

Ukienda, wahi kabla ya saa 4 asubuhi, na beba faili la kazi inayokuzimia kwenye flashi. La kwangu aliliendesha mwisho kabisa, picha ya nyumba ya Kigamboni iliyonishinda mara 9. Ilimaliza kwa dakika 38.