Uzoefu wangu na seva ya mafaili ya idara: chuoni inanitosha, nyumbani ina masharti yake

Huu ni muhula wa sita natumia seva ya mafaili ya idara yetu, zaidi kwa laptopu ya Windows 11, na mara chache kwa Mac. Ni huduma ya kawaida ya SMB, yaani itifaki ambayo kompyuta hutumia kufungua mafaili yaliyo kwenye seva kupitia mtandao: kuna folda ya mitihani, ya matokeo, ya wanafunzi wa utafiti, na kila mtu anaona zile tu ambazo kikundi chake kimeruhusiwa. Naikubali kabisa. Ila ukiwa nje ya chuo, usiifanye meza ya kufanyia kazi. Nakili faili, lifanyie kazi kwenye laptopu, kisha lirudishe. Nikifika kwenye VPN, njia salama ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa nje, nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kuunganisha. Wengi hubofya Network upande wa kushoto wa File Explorer na kungoja jina la seva litokee. Mara nyingi halitokei, kwa kuwa orodha ya zamani ilitegemea SMB1 (toleo la kwanza la SMB), na tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, SMB1 haiji tena ikiwa imewashwa. Mtu akikushauri uiwashe, mkatalie. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kupitia tundu la hiyo hiyo SMB1. Badala yake andika anwani mwenyewe pale juu, \\seva\mitihani, kwa jina halisi la seva yenu. Kwenye Mac fungua Finder, bonyeza Command na K, andika smb://seva/mitihani. Angalia mikwaju, maana kwenye Windows inalala upande wa pili.

Ikikuuliza jina na nywila, ndipo watu wanapokwama. Laptopu yako binafsi haijui kuwa wewe ni mtu wa chuo. Inatuma jina la akaunti yako ya nyumbani. Chagua kutumia akaunti nyingine na uandike jina la domeni (mtandao wa akaunti za chuo) mbele, kwa mfano IDARA\jina. PIN unayofungulia laptopu haitakusaidia, kwani hiyo inaishia kwenye mashine yako tu. Mimi napendelea kuandika amri moja kwenye Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri:

net use Z: \\seva\mitihani * /user:IDARA\jina

Z: ni herufi ya diski ambayo folda itaonekana nayo kwenye laptopu. Ile nyota inafanya nywila iulizwe bila kuonekana kwenye skrini. Ukijibiwa kosa namba 1326, jina au nywila si sahihi. Ukipata 1219, tayari umeunganishwa na seva hiyo hiyo kwa jina jingine, na Windows hairuhusu majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Andika net use peke yake uone kilicho wazi, kifute kwa net use \\seva\folda /delete, kisha jaribu upya.

Jambo linalofungia watu akaunti kila mwanzo wa muhula ni hili: umebadilisha nywila ya chuo, lakini laptopu imehifadhi ya zamani na inaendelea kuituma kimyakimya hadi seva inafunga akaunti. Fungua Credential Manager, mahali Windows inapohifadhi nywila, sehemu ya Windows Credentials, futa mstari wenye jina la seva. Fanya hivyo kabla ya kumpigia mtu wa TEHAMA, la sivyo atakufungulia akaunti na itajifunga tena baada ya dakika chache. Vilevile, ukiambiwa umeshaongezwa kwenye kikundi lakini folda bado inakukatalia, toka kwenye akaunti yako ya kompyuta na uingie upya. Orodha ya vikundi vyako husomwa wakati wa kuingia.

Kasi ya ofisini ni nzuri, mradi waya uwe mzima. Kwenye 1000 Mbps (megabiti kwa sekunde; biti 8 ni baiti 1) napata karibu MB 110 kwa sekunde. Kwenye 100 Mbps ni kama MB 11. Ikiwa ofisi ya jirani inakimbia na yako inajikokota, angalia kasi ya kiungo kwenye mipangilio ya Ethernet. Gigabiti, yaani hiyo 1000 Mbps, inahitaji nyaya zote 8 ndani ya kebo, 100 Mbps inatosheka na 4. Kichwa cha kebo kikilegea, vifaa hushuka hadi 100 na havikwambii lolote.

Sasa nyumbani. Seva haifikiki mpaka uwashe VPN ya chuo, na ndivyo inavyotakiwa, kwani mlango wa 445 (ndio SMB inaoupitia) haufai kuachwa wazi kwenye intaneti. Ukipata kosa 0x80070035, yaani njia ya kufikia seva haikuonekana, usianze kubadilisha mipangilio. Fungua PowerShell, andika Test-NetConnection seva -Port 445. Ikijibu False, tatizo ni VPN, jina la seva au ukuta wa moto. Nywila haijafikiwa hata kidogo. Ikijibu True, rudi kwenye mambo ya jina na nywila.

Uzito wa VPN hautokani na wingi wa data pekee. Kwa kila faili, SMB huenda na kurudi mara kadhaa: kufungua, kuuliza sifa, kuandika, kufunga. Chukulia safari 5 za milisekunde 80 kila moja, hiyo ni sekunde 0.4 kwa faili. Picha 3,000 za fomu zitakula dakika 20 za kusubiri tu, hata zikiwa ndogo kiasi gani. Zifunge kwenye zip moja kwanza, utaona tofauti.

Umeme au mtandao ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kubaki likionyesha ukubwa kamili huku ndani halijakamilika. Kwa mafaili makubwa natumia amri ya Windows ya kunakili, robocopy C:\kazi Z:\kazi /E /Z /R:3 /W:5; ile /Z huendelea kutoka ilipoishia. Baadaye linganisha pande zote mbili kwa certutil -hashfile jina.zip SHA256, amri inayotoa namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Namba zikilingana, faili limefika salama.

Word nayo ina usumbufu wake. Unapofungua matokeo.docx, kwenye folda hiyo hiyo linazaliwa faili dogo lililofichwa linaloanza na ~$. VPN ikikatika, linabaki, na wenzako wanaambiwa kuwa wewe bado umelifungua. Funga Word kote, kisha futa lile la ~$. Likigoma, admin (msimamizi wa seva) alifunge kutoka upande wa seva. Hifadhidata za Microsoft Access usizifungue kabisa kupitia VPN, huharibika muunganisho ukikatika wakati wa kuandika.

Mwisho, ukifuta faili kwenye Z: haliendi kwenye Recycle Bin ya laptopu yako. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Previous Versions. Admin akiwa amewasha nakala za kivuli, yaani seva kujihifadhia hali ya folda ya nyakati zilizopita, utaona orodha ya tarehe. Bonyeza Open na uvute nje faili unalolitaka. Usibonyeze Restore kwenye folda nzima, kwani itarudisha nyuma na kazi za wenzako.