Djúpið na The Perfect Storm: Filamu Mbili za Wavuvi Waliozidiwa na Bahari

Filamu hizi mbili zimetokana na ajali za kweli. The Perfect Storm (2000) ya Wolfgang Petersen inafuata mashua ya Andrea Gail ya Gloucester, Marekani, iliyopotea mwaka 1991 pamoja na wavuvi wake 6. Kwa kuwa hakuna aliyerudi kusimulia, saa zao za mwisho zimebuniwa.

Djúpið (2012) ya Baltasar Kormákur inamhusu mvuvi wa Iceland ambaye, mwaka 1984, baada ya mashua kuzama na wenzake 4 kufa, aliogelea kwa takriban saa 6 katika maji ya baridi kali huku akizungumza na ndege, kisha akatembea peku juu ya miamba mikali ya volkano, akivunja barafu kwa ngumi ili anywe maji yaliyowekewa kondoo. Filamu haiishii ufukweni, bali inaonyesha pia wanasayansi wakimchunguza ili wajue mwili wake ulistahimili vipi. Kwangu mimi hii ndiyo bora, maana inamtazama mtu kuliko dhoruba.

Hata hivyo, ile ya Marekani inaeleza vizuri zaidi shinikizo la kazi yenyewe: mashine ya barafu inapoharibika, wavuvi wanaamua kupita katikati ya dhoruba ili samaki wasioze.