Bronzi za Kijapani za enzi ya Meiji: uanze na ipi?

Bronzi nyingi za Kijapani, yaani sanamu na vyombo vya shaba iliyochanganywa na bati, zinazouzwa minadani London, Paris na New York ni za enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku raia kutembea na panga, na mafundi waliokuwa wakinakshi mapambo ya panga wakageukia vitu vya kuuza nje. Mkono ule wa vitu vidogo unaonekana mpaka leo.

1. Sanamu ndogo za wanyama, okimono. Anza hapa bila kusita. Mchukue chui milia, mgeuze. Kazi nzuri ina manyoya yaliyochanjwa moja moja, kucha zenye ncha, na hata chini ya tumbo, mahali pasipotazamwa, fundi hakulegeza mkono. Nakala iliyosubiwa kutokana na sanamu nyingine huwa na mistari iliyofifia, kama sabuni iliyokwisha kutumika. Mimi huamini kucha kuliko sahihi ya fundi, maana sahihi hughushiwa.

2. Vyetezo. Vizuri mno, ila vifuniko hupotea na kubadilishwa. Kifuniko kikae sawasawa, na rangi yake ilingane na ya mwili.

3. Vyombo vya maua. Ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi, vingi vikitoka Takaoka, mji unaosubu metali tangu 1611. Tazama kitako: vingine vilitobolewa vigeuzwe taa, na tundu hilo hushusha thamani.

4. Sanamu za samurai, wapiganaji wa Japani ya zamani, za mtengenezaji Miyao Eisuke wa Yokohama, zilizopakwa dhahabu. Bei yake ni kali. Kagua mikono, kwani mikuki na panga hung'oka. Subiri jicho lizoee.

5. Tembo wenye pembe halisi za ndovu. Waache. Uingereza na Marekani zimebana sana biashara hiyo, na forodha inaweza kukunyang'anya.

Chochote utakachochagua, usikisugue king'ae! Rangi ile ya kahawia au nyeusi ililetwa makusudi, kwa dawa na moto. Shakudo, kwa mfano, ni shaba yenye dhahabu kidogo, na weusi wake wenye kuvutia zambarau hutokana na dhahabu hiyo. Ukiiondoa rangi hiyo, umeondoa nusu ya kazi ya fundi.

Kabla ya kulipa, omba picha ya kitako na uzito. Penye mkwaruzo, bronzi huonyesha unjano au wekundu; kijivu kinachong'aa mara nyingi ni zinki iliyopakwa rangi. Muuzaji akikataa kutuma picha hizo, tafuta mwingine.